Ziache Zikauke

Mvua ya mwisho ya Lubumbashi haiagi. Inanyesha jioni moja ya Aprili, watu wanakimbilia nguo kambani kama kawaida, kumbe ndiyo imekwenda hivyo hadi Oktoba au Novemba. Siku si nyingi usiku unapoa, upepo wa kusini-mashariki unaanza kupita juu ya kuta, na nyasi ambazo Februari zilikuwa hazimpi mtu nafasi ya kupumua zinaacha kukua. Katika mtaa wa Bel-Air, komine ya Kampemba, ambako bado zipo lupango pana, yaani nyua zilizozungushiwa kuta, zenye miembe na uwanja wa nyasi mbele ya baraza, huo ndio wakati wa ubishi. Ulaya na Amerika Kaskazini mwenye nyasi anahangaika Septemba na Oktoba, majani ya miti yanapopukutika. Septemba yetu sisi ni joto na vumbi. Nyasi zetu huandaliwa Aprili na Mei, na atakayechelewa atazikuta zimelala.

Ubishi wenyewe nimeupanga kwa sauti nne. Wasemaji nimewabuni, lakini hoja zao utazisikia kwenye ua wowote wa mtaa ule. Yupo Mama, mwenye lupango, anayetaka kijani mwaka mzima. Yupo Papa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyeondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003 pamoja na maelfu waliopewa fedha za kuondoka kwa hiari. Yeye nyasi hazitaki kabisa. Yupo Kijana, anayekata nyasi za nyumba kadhaa kwa malipo ya mwezi. Na yupo Mwalimu, mstaafu wa somo la biolojia, ambaye hana nyasi hata mita moja kwa sababu anaishi kwenye nyumba ya kupanga. Labda ndiyo maana anaona vizuri.

MAMA: Mgeni akiingia getini kwangu, kabla hajaona kiti anaona nyasi. Ndiyo heshima ya nyumba. Sasa tazameni, tuko wiki ya pili ya Mei, zimeanza kuwa rangi ya mkeka. Kaka yangu yuko Brussels, amenitumia maelekezo yote: Septemba weka mbolea, Septemba panda mbegu palipo na vipara, Oktoba kusanya majani. Mbolea nimekwisha nunua.

MWALIMU: Basi ifunge vizuri, Mama, uiweke mahali pakavu hadi mvua zirudi na kutulia. Kaka yako hakukudanganya. Nyasi za kwake ni za nchi za baridi, zinapenda hali ya ubaridi yenye unyevu, na vuli ya kule ndiyo karamu yao: joto limepungua, mvua ipo, mizizi inakua hata majani yakipunguza mwendo. Za kwako ni za nchi za joto. Hizi zinazotambaa hapa ni Cynodon, na kule kivulini una Paspalum yenye jani pana. Karamu yao ni Desemba hadi Machi. Ukizipa mbolea Septemba, ardhi ikiwa kavu kama tofali, chumvi yake itakaa pale pale juu ya mizizi iichome. Na kwa mbegu utakayomwaga utakuwa umewaalika sisimizi.

MAMA: Kwa hiyo zimekufa?

MWALIMU: Zimelala. Cynodon ina vikonyo vinavyotambaa chini ya udongo, na ndiko inakoweka akiba yake. Juu inaachia majani yakauke, chini iko hai. Chimbua kidogo kwa kisu, ukikuta kikonyo cheupe na kigumu, usilie.

PAPA: Wote wawili mnapoteza muda. Mimi ua wangu naufagia kila alfajiri, na umekwisha. Nimekulia kambini. Katika makambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, usafi wa ua ulikaguliwa. Mkaguzi akikuta magugu, baba yako anaitwa. Kwenye ua mtupu unamwona nyoka kabla nyoka hajakuona. Mbu hawana pa kujificha. Hauombi maji, hauombi petroli ya mashine, hauombi mshahara wa kijana.

KIJANA: Papa, usinitoe kazini nikiwa nimesimama hapa hapa.

Hoja ya Papa isichekwe. Ua uliofagiwa ni ustaarabu wa zamani kuliko nyasi za baraza, na kwa miji mingi ya Kongo ndio alama ya kwanza kwamba nyumba ina mtu. Nyasi fupi za mapambo zilikuja na wakoloni waliojenga Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kuanzia mwaka 1910, pamoja na ule ukanda mtupu walioutenga kati ya mji wao na makazi ya Waafrika kwa kisingizio cha mbu. Anayekataa nyasi ana historia nyuma yake. Swali ni kama ana udongo chini yake.

MWALIMU: Kwa nyoka nakuunga mkono, Papa, nyasi ndefu zina hatari. Lakini katika hizi za vidole vitatu vinne nyoka hajifichi. Mbu wa malaria hazaliwi kwenye nyasi. Anazaliwa kwenye dimbwi, kwenye nyayo za magari, kwenye mtaro ulioziba. Na ua uliogandamizwa kwa miguu na fagio ndio unaoshika madimbwi Januari, kwa sababu maji hayapenyi. Nikuulize jambo moja. Ulipohamia, mlango wako wa mbele ulikuwa na ngazi za vidato vingapi?

PAPA: Viwili.

MWALIMU: Na sasa?

PAPA: Vitatu. Niliongeza kimoja. Wajukuu walikuwa wanashindwa kupanda.

MWALIMU: Nyumba yako haikupanda juu, Papa. Ua umeshuka. Kila alfajiri fagio linabeba kidogo, upepo wa Agosti unabeba kidogo, na mvua ya kwanza ya Novemba inabeba udongo mwingi. Piga hesabu: ua wa mita kumi kwa kumi ukipoteza milimita moja tu ya udongo, hizo ni lita 100, ndoo tano za lita 20. Tembea mtaani utazame misingi ya nyumba. Palipofagiwa miaka mingi utaona msingi uko nje kama ufizi uliorudi nyuma.

Hapo Papa alinyamaza kidogo. Lakini msingi wa nyumba unarekebishwa kwa saruji. Vumbi linalopeperuka uani halirekebishwi kwa saruji, nalo kwangu ndilo kiini cha mjadala wote.

Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Moshi wa kiwanda ulisukumwa na upepo uleule wa kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi ya mji, na mtaa wa Penga Penga ukapata sehemu kubwa ya kilichoanguka. Miti ilitoweka, ardhi ikabaki uchi. Watafiti wa sayansi za kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Mylor Ngoy Shutcha, walipotafuta namna ya kuituliza ardhi hiyo walijaribu nyasi. Walichukua Microchloa altera, nyasi fupi ya vilima vya shaba vya Katanga inayostahimili metali, wakaipanda kwenye udongo ulioongezwa chokaa na mboji. Haikupandwa ili ipendeze. Kazi yake ni kuushika udongo mahali pake ili usipeperuke wala kutiririka.

PAPA: Penga Penga ni upande mwingine wa mji. Bel-Air upepo haukutuletea moshi ule.

MWALIMU: Kweli. Lakini Kampemba ina mtaa wake wa viwanda, na malori yanayobeba madini yanapita mjini kila siku, na vumbi lake halina pasipoti. Mwaka 2009 Célestin Banza wa chuo chetu na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto zaidi ya wakubwa. Mwaka 2019 watafiti wengine wakakadiria vumbi ambalo watu wa eneo la migodi la Katanga wanalimeza kwa siku, wakakuta ni jingi kuliko makadirio yanayotumika kwingine duniani. Sikusema kuvuta puani, Papa. Kumeza. Mtoto anacheza chini, anaweka mkono mdomoni, anakula bukari kwa mkono huo huo.

PAPA: Tunawanawisha.

MWALIMU: Najua mnawanawisha. Lakini kiangazi cha miezi sita, ua mtupu, fagio kila alfajiri: wewe unainua vumbi saa kumi na mbili, na saa moja mtoto anakaa palepale. Nyasi zilizokauka zinafanya kazi ileile ya nyasi mbichi katika jambo hili. Majani ya kahawia yamelala, mizizi imeshika, upepo unapita juu yake bila kuchukua kitu.

Mimi mwandishi naongeza jambo ambalo Mwalimu kwa adabu hakulisema. Usafi tunaouonyesha jirani ni wa macho. Ua unaong'aa mistari ya fagio unaweza kuwa mchafu kuliko ua wa nyasi za rangi ya mkeka zenye majani mawili ya mwembe juu yake. Ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyelelewa na mkaguzi wa kambi, lakini ndivyo.

MAMA: Sawa, nyasi zibaki. Lakini kwa nini zisibaki kijani? Nina kisima.

KIJANA: Mama, mimi niko tayari kumwagilia kila jioni.

MWALIMU: Wewe uko tayari kwa sababu nyasi zikilala na kazi yako inalala, na sikulaumu. Lakini tuhesabu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ili nyasi zibaki kijani kwenye jua letu zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki. Mama, mbele ya baraza una mita kumi kwa kumi. Hizo ni lita 2,500 kila wiki, madumu 100 ya lita 25. Kijana atavuta kamba ya kisima hadi mikono iote sugu, na toka Mei hadi Oktoba zimekwenda lita zaidi ya 60,000.

MAMA: Na Septemba kisima chenyewe kinashuka.

PAPA: Cha kwangu kinashuka kabla ya chako, Mama, na vinakula maji ya ardhi moja. Sikutaka kusema.

Hii ndiyo sentensi nzito kuliko zote zilizosemwa siku hiyo, na ilisemwa na mtu aliyekuwa anashindwa. Visima vya mtaa vina kuta tofauti juu na maji yaleyale chini. Bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali, likikatika, na linakatika, watu wa mitaa ya jirani wanakuja na madumu ya manjano kuomba maji kwenye lupango zenye visima. Kumwagilia mapambo huku watu wanapanga foleni getini ni jambo ambalo hata Mama, mpenda heshima, hakuweza kulitetea.

MAMA: Basi nipeni kipande kidogo. Mbele ya ngazi tu, pale mgeni anapopita.

MWALIMU: Kipande cha mita kumi za mraba ni madumu kumi kwa wiki, na mengi ya hayo ni maji ya suuza ya mwisho ya nguo, yasiyo na sabuni nyingi. Mwaga mara moja kwa wiki, kwa wingi, mapema asubuhi, maji yashuke kwenye mizizi. Anayemwaga kidogo kidogo kila jioni anaifundisha mizizi kukaa juu, na jua la Septemba litaikuta hapo hapo. Zilizobaki ziache. Ukiona kweli zinakonda, zipe milimita kumi mara moja kwa mwezi ili zisife. Ukiona hazikondi, usizipe kitu.

PAPA: Kama maji yapo, kwa nini msipande lengalenga? Matembele? Watu hawali nyasi.

Swali zuri, na katika mji unaongoja mahindi ya Zambia kila mwaka ni swali la njaa. Mwalimu alilijibu kwa kifupi, na nadhani alilijibu vizuri: bustani ya mboga ndiyo, lakini kwenye tuta lililoinuliwa, lenye udongo na mboji iliyoletwa, na mboga zioshwe kwa maji mengi, kwa sababu watafiti wa chuo kilekile wamezipima mboga za majani za mji wakakuta metali ndani yake. Hata hapo nyasi kuzunguka tuta zinasaidia: mvua haiurushii mchicha matope ya udongo mwekundu, na kiangazi vumbi la ua halitui juu ya jani.

KIJANA: Sasa mimi nifanye nini? Naona mmenipa likizo ya miezi sita bila mshahara.

MWALIMU: Kazi ipo, ila siyo ile uliyoizoea. Mkato wa mwisho ungekuwa mwisho wa Aprili. Umechelewa kidogo, lakini fanya leo, na uinue kisu cha mashine. Wakati wa mvua unakata hadi vidole viwili. Mkato wa mwisho acha karibu sentimita sita au saba. Usipunguze zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Jani refu ni kivuli cha mzizi.

KIJANA: Wenye nyumba wananiambia nikate chini kabisa, ili wasinilipe tena hadi Novemba.

MWALIMU: Ndio wanaokuita Desemba kupanda upya vipara, na wanalipa mara mbili.

KIJANA: Hapo umesema kweli. Mwaka jana nimepanda upya nyumba mbili.

MWALIMU: Vilivyokatwa vya mwisho usivirundike juu ya nyasi. Mvua ikiwepo vinaoza, kiangazi vinawaita mchwa, na mchwa wa hapa hawahitaji kuitwa mara mbili. Tupia shimo la mboji pamoja na majani ya miembe. Usiyachome. Kila jioni ya Julai mtaa mzima unakohoa moshi wa majani ambayo yangekuwa udongo mzuri ifikapo Desemba. Majivu ya jiko la mbabula Mama anayamwaga wapi?

MAMA: Jalalani.

MWALIMU: Yana potasi, na udongo wetu mwekundu una tindikali, majivu yanaipunguza. Yachunge, uyatawanye membamba sana, kama unavyonyunyiza unga juu ya ubao, lakini mvua zikirudi. Sasa hivi hayatashuka popote, yatakuwa vumbi jingine. Mashimo na mabonde ya uwanja, hayo Kijana anaweza kuyajaza kiangazi hiki kwa udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchanganywa na mboji, safu nyembamba, nyasi zitokeze juu yake. Na Novemba ikitulia, mvua tatu nne zikishanyesha mfululizo, hapo akate vikonyo kutoka palipostawi avipande kwenye vipara. Cynodon haihitaji mbegu ya dukani. Mbolea ya Mama ifunguliwe hapo, siyo kabla.

PAPA: Na moto? Hamjasema moto. Nyasi kavu za miezi mitano, mtu anachoma taka upande wa pili wa ukuta, cheche inaruka. Makambini tulifagia kwa sababu hiyo pia.

Mwalimu alikiri, na mimi nakiri pamoja naye. Kuanzia Mei vichaka vya kuzunguka Lubumbashi vinawaka, na ndani ya mji moto wa taka haukosekani. Nyasi za sentimita saba haziwaki kama kichaka, lakini zinatambaza moto, na hakuna sababu ya kuziacha ziguse mlango wa jikoni au rundo la magunia ya makaa. Mita moja kuzunguka kuta za nyumba na jiko la nje iwe tupu, imwagwe kokoto au ipangwe matofali ili isiwe vumbi. Katika ukanda huo Papa afagie atakavyo, na nyoka wake atamwona.

MAMA: Kwa hiyo mgeni akija Agosti aone nyasi kavu.

PAPA: Aone nyasi kavu, akae kwenye kiti kisicho na vumbi. Mimi, Mama, nitaziacha nyasi ziote upande wa wajukuu. Wa nyuma nitaendelea kufagia.

MWALIMU: Mwagia maji kidogo kwanza, Papa, kabla ya fagio.

PAPA: Hilo bibi yangu alilifanya kabla wewe hujazaliwa.

Uamuzi wangu sikuuficha, lakini niuseme wazi. Mwalimu ameshinda kwa jambo la udongo, Papa ameshinda kwa maji na moto, Mama amepata mita zake kumi, na Kijana anastahili kulipwa kiangazi kizima, kwa sababu kujaza mabonde na kutunza mboji ni kazi ngumu kuliko kusukuma mashine.

Na kwa wanaotusimamia siku za salongo, kazi za pamoja za usafi, katika Kampemba na komine nyingine zote za mji, nina ombi moja. Kila inapofika Mei tunaagizwa kusafisha kandokando ya barabara, na watu wanakuja na majembe, wanaparua nyasi hadi mizizi ili mkuu akipita aone pamesafishwa. Wiki moja baadaye palepale pananyanyuka vumbi jekundu linaloingia madukani, madarasani na kwenye sufuria za wanaouza chakula kando ya njia. Agizeni fyekeo badala ya jembe. Nyasi zifyekwe, mizizi ibaki, takataka ziokotwe, mitaro izibuliwe.